Mzee Aangukapo na Kuvunjika Nyonga

Bibi kizee atoka nyumbani alfajiri kwenda kukama ng'ombe. Kizingiti kimelowa umande, mguu wateleza, naye aanguka kwa ubavu. Ajaribu kuinuka, hawezi. Mguu mmoja waonekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo wake umegeukia nje. Jamaa wamlaza kitandani, aitwa mkandaji na mafuta yake, na mtu mmoja asema kwa upole, "Ni mzee, tumwache apumzike." Maneno hayo yamewaua wazee wengi.

Si mfupa uliovunjika umwuao mzee, bali ni kitanda. Akilala chali majuma mengi, hushikwa na nimonia, ngozi ya matakoni huchubuka ikawa vidonda, na damu huganda katika mishipa ya miguu. Zamani mguu ulivutwa kwa kamba yenye uzito, mgonjwa akilala hivyo miezi miwili au mitatu, na wengi hawakuinuka tena. Upasuaji wa siku hizi hufanywa ili aondoke kitandani mapema; hivyo yafaa ufanyike ndani ya siku mbili za kwanza.

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kama mpira, kikaacho ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Chini ya kichwa hicho ipo shingo nyembamba, na damu ya kukilisha hupita kandokando yake. Shingo ikivunjika na kusogea, mishipa hiyo huweza kukatika, na kichwa kikafa kama tawi lililokatwa mtini. Kwa kijana, madaktari hujitahidi kukiokoa: mfupa hurudishwa mahali pake upesi na kukazwa kwa skrubu. Kwa mzee, kungoja kama kitapona ni kupoteza wakati. Mara nyingi huondolewa, kikatiwa kingine cha chuma. Lakini mfupa ukivunjika chini ya shingo, penye damu tele, huunga vizuri, mradi ushikwe kwa bamba na skrubu kubwa, au kwa fimbo ya chuma ipitishwayo ndani yake.

Wako pia wasioanguka kamwe, ila nyonga yao imelika kwa uzee, au kichwa cha mfupa kimekufa kwa ugonjwa wa selimundu, ambao wajulikana sana pwani na magharibi mwa Kenya. Maumivu yakizidi hata usiku, hao huweza kubadilishiwa nyonga nzima, kichwa na kikombe pia. Kazi hiyo yadaiwa sana na daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Plastiki aliyoitumia kwanza ililika upesi, ikabidi wagonjwa wengi wapasuliwe tena. Hakukata tamaa, Novemba 1962 alianza kutumia kikombe cha plastiki nyingine, ngumu zaidi, na kichwa cha chuma chenye upana wa milimita 22 tu. Nyonga nyingi za namna hiyo zimedumu zaidi ya miaka 20.

Basi bibi yule asikandwe wala asivutwe mguu. Miguu yake ifungwe pamoja kwa nguo, mto ukiwa katikati, naye achukuliwe juu ya ubao hadi hospitali yenye eksirei. Wanawe wataogopa kisu, na gharama pia, nayo si ndogo. Hata hivyo wamwulize daktari waziwazi: ni mfupa gani uliovunjika, atatiwa nini, na ataketi lini? Akipasuliwa vema, mara nyingi huketishwa na kusimamishwa siku ya pili.

Aliyetiwa kichwa cha chuma haruhusiwi kuchuchumaa wala kukalia kigoda kifupi katika majuma ya kwanza, maana chaweza kuchomoka. Kwa hiyo, kabla hajarudi nyumbani, seremala atengeneze kiti kirefu cha kuwekwa juu ya choo cha shimo, na kingine cha kuotea moto, na kazi ya kukama apewe mjukuu.