Mzee asidaiwe gwaride ili alipwe haki yake

Mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari Waafrika waliopigana chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza kungoja malipo. Wenye vyeti walivyopewa mwaka 1918 walihesabika kwa vidole. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Ofisa wa benki akabuni mtihani: kila mzee akakabidhiwa ufagio aushike kama bunduki, kisha akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Sisi kinatutia uchungu. Mzee alibebeshwa ufagio mbele ya karani kwa sababu karatasi haikuwapo. Je, aliyepooza angefaulu? Na mjane, ambaye hakufundishwa gwaride, angethibitisha kwa lipi?

Hata mataifa tajiri hayajasalimika. Tarehe 12 Julai 1973, moto uliteketeza ghala la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Marekani. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliangamia, yakiwamo asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960. Nakala hazikuwapo. Tangu hapo, maveterani wengi wamelazimika kuunganisha historia yao upya kwa hati za malipo, karatasi za hospitali na ushahidi wa wenzao.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu, kijana aliyekuwa na miaka 20 Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 leo anaelekea 70. Wapo wanajeshi na wapo mgambo waliotoka vijijini, wakapigana, wakarudi shambani. Mashahidi wao wanazikwa mmoja mmoja.

Tunaitaka Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ihakikishe kila jalada lina nakala inayotunzwa mahali pengine, na orodha za waliokwenda Kagera zihakikiwe wilaya kwa wilaya wahusika wangali hai. Jalada likikosekana ofisini, mzigo wa kulitafuta uwe wa ofisi, usiwe wa mzee wala mjane.

Nanyi mliovua sare, sanduku la bati chini ya kitanda si ghala. Mchwa na mvua havijui cheo. Cheti cha kumaliza utumishi, barua ya kustaafu, namba ya jeshi na cheti cha ndoa vitolewe nakala, zithibitishwe na wakili, kisha mke na mtoto mmoja waonyeshwe zilipo. Fanyeni hivyo wiki hii.