Uma Si Kipimo cha Ustaarabu

Kuna imani iliyoota mizizi katika shule zetu za Kericho na Bomet kwamba kula kwa uma na kisu ndiko kustaarabika, na kwamba amegaye kimyet kwa vidole bado yumo gizani. Mwanafunzi wa bweni hurudi nyumbani likizoni akaulizia kijiko mbele ya babu yake. Wengine watasema ni jambo dogo. Mimi naliona zito, kwa kuwa lamfunza mtoto kuwaonea haya wazazi wake kwa hoja isiyo na msingi katika historia.

Hao Waingereza tunaohimizwa kuwaiga walikulaje katika Enzi za Kati? Kwa vidole, aghalabu katika chombo cha pamoja, na kisu mtu alikuja nacho mwenyewe. Mnamo 1530 Erasmus, mwanachuoni wa Uholanzi, aliwaandikia watoto kitabu cha adabu, akawaonya wasilambe vidole vyenye mafuta wala kuvipangusa kwa nguo zao. Onyo hilo si la watu wenye uma! Na Thomas Coryat alipousimulia uma wa Kiitalia katika kitabu chake cha 1611, Waingereza wenzake walimfanyia mzaha. Karibu karne tatu kabla yake, mnamo 1331, Ibn Battuta alikuwa amekirimiwa Mogadishu wali wa samli katika sinia ya mti, kwa ndizi zilizopikwa na maziwa, achari ya ndimu, na embe.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Meza tuliipata kwa Wareno. Adabu ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa ma'duba, yaani karamu.

Wakipsigis nao walikuwa na adabu zao: kunawa, kumtanguliza mzee, kummiminia mgeni mursik kutoka katika sotet iliyosuguliwa kwa mkaa wa senetwet. Sisemi yote yalikuwa mema. Wanawake kula kando na wanaume ni desturi nisiyoililia. Tena desturi huzaliwa upesi. Makampuni yalianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, na leo mgeni akiikataa chai ya maziwa huhesabiwa kuwa amemdharau mwenyeji wake.

Basi mwalimu wa sayansikimu na aufundishe uma, kwani utamfaa mwanafunzi hotelini. Lakini siku ya pili aje darasani na birika la kunawia, kimyet na sotet, amwite nyanya mmoja wa kijijini aonyeshe jinsi ya kuandalia wageni, na alama zitolewe kwa yote mawili.