Watoto wako wanalijua kaburi la babu yao?

Ni lini mara ya mwisho ulitoka na watoto wako siku nzima, pasipo msiba wala harusi? Usinijibu mimi, wajibu wao.

Mwaka jana baba mmoja wa parokia yangu hapa Musoma, mfanyabiashara wa dagaa, aliniomba nifuatane na familia yake kwenda Butiama. Nilitaka kukataa. Ilikuwa Jumamosi na mahubiri yangu hayakuwa tayari. Mkewe akasema, "Padri, wiki nzima sisi tunamwona huyu akiwa amelala tu. Leo usituharibie." Nikapanda gari.

Tulibeba sato wa kukaanga, viazi vitamu na chupa ya chai. Baba akazima simu. Watoto wakahesabu ng'ombe na vilima vya mawe. Tulipokata kona Makutano niliwasimulia kwamba mwaka 1934 mtoto wa miaka 12, Kambarage, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini kwetu, umbali wa zaidi ya kilometa 30. Mdogo wao akauliza kama bodaboda zilikuwapo.

Pale Mwitongo tulitembelea makumbusho, kisha tukasimama kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyefariki dunia Oktoba 14, 1999, na ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Tulisali kimya. Yule binti mdogo akamshika baba yake mkono: "Baba, na babu yetu sisi amezikwa wapi?"

Baba hakujibu. Babu amezikwa kijijini, wilayani Bunda, na tangu mazishi hakuna mjukuu aliyepelekwa huko. Tulikula chini ya mti bila maneno mengi. Baadaye akaniuliza, "Padri, muda tunao?" Tuliporudi Makutano hatukukunja kulia kwenda Musoma. Tulikunja kushoto.

Kaburi tulilikuta limemezwa na nyasi. Bibi mmoja wa ukoo alituletea jembe. Baba akalima, watoto wakang'oa, mama akafagia. Baada ya sala, baba akaanza kusimulia jinsi mzee huyo alivyowapeleka kanisani kwa baiskeli, wawili nyuma na mmoja mbele. Watoto walikuwa hawajawahi kuyasikia hayo.

Ndugu yangu, Mwinjili Luka anatuambia kwamba Yosefu na Maria walisafiri kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka (Lk 2:41-42), na Yesu alipofikisha miaka 12 alikuwa pamoja nao. Hata fundi seremala wa Nazareti aliiacha kazi yake. Sisi tunalipa ada, tunanunua sare, kisha tunadhani malezi yamekamilika. Lakini mtoto huuliza maswali yake makubwa akiwa na nafasi ya kukaa nawe, na asipokupata atamuuliza mwingine, au ataacha kuuliza. Na ile amri ya kuwaheshimu baba na mama haikomi siku ya mazishi.

Utasema mafuta ni ghali. Basi pandeni daladala, bebeni viazi. Si lazima iwe Butiama, na usingoje Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Chagua Jumamosi moja, zima simu, wapeleke alikolala babu yao, uwaambie alikuwa mtu wa namna gani.

Mahubiri ya kesho yake? Niliwasimulia waumini safari hiyo. Baada ya Misa wanaume wawili waliniaga haraka. Walikuwa wanakwenda kijijini.

Jumapili njema.