KISUKARI SI UGONJWA WA NAMNA MOJA

Vijijini tunaazimana jembe na tunaazimana chumvi. Wapo pia wanaoazimana dawa za kisukari. Mzee akipata nafuu kwa vidonge vyake, humpa jirani viwili vitatu. Husema, "Ugonjwa wetu ni mmoja."

Ugonjwa huo si mmoja. Kisukari ni sukari kuzidi katika damu, lakini sababu za kuzidi ni nyingi. Mtu mmoja mwili wake hautengenezi insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuupa mwili nguvu. Mwingine anayo insulini, ila haifanyi kazi vizuri. Kidonge cha jirani kinaweza kushusha sukari mpaka mtu azimie, hasa kama figo zake ni dhaifu. Na mtoto anayehitaji sindano ya insulini, akipewa vidonge badala yake, anaweza kufa katika siku chache.

Lakini wapo watoto ambao kwao mambo ni kinyume. Mwaka 2004 wataalamu wa Exeter, Uingereza, pamoja na wenzao, waligundua jambo kubwa. Baadhi ya watoto wanaopata kisukari kabla ya miezi sita wana kasoro katika chembe zao za urithi. Mwaka 2006 ikatolewa taarifa ya wagonjwa 49 wa namna hiyo waliopewa vidonge. Wagonjwa 44 kati yao waliacha sindano. Vidonge hivyo havikuwa dawa mpya. Ni vya jamii ya glibenklamaidi, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu. Kilichokuwa kipya ni kujua nani apewe.

Kumchunguza kila mgonjwa na kumpa dawa inayomfaa yeye, wengine husema ni mambo ya matajiri. Mimi sikubali. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini. Walipimwa watoto na vijana 894 waliokuwa wakitibiwa kisukari cha kuhitaji insulini. Karibu theluthi mbili hawakuwa na alama za kawaida katika damu zinazoonyesha kwamba mwili unajishambulia wenyewe. Huenda kisukari chao ni cha namna nyingine. (Hii haina maana kwamba waache sindano! Asiache mtu bila kuambiwa na daktari.) Basi vitabu vilivyoandikwa kwa kupima watu wa Ulaya havitoshi kututibu sisi.

Tazama pia kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Kipimo hicho huangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida chembe hizo huishi siku 120 hivi. Lakini wapo watu, na Afrika tupo wengi, wenye upungufu wa kurithi uitwao G6PD. Chembe zao zinaweza kufa mapema, kabla sukari haijanata sana. Jibu huonyesha sukari ndogo. Mgonjwa huambiwa yu salama, kumbe macho na figo vinaharibika. Ugonjwa wa selimundu nao huweza kupotosha kipimo hicho.

Nionavyo mimi, tusisubiri mashine kubwa za kusoma urithi. Kila zahanati iwe na kipimo kidogo cha sukari cha kidole, na vijiti vyake visiishe. Kila mgonjwa awe na daftari lake. Mganga aandike humo umri ulipoanza ugonjwa, uzito, hali ya figo, na kama nduguze wanaugua.

Nawe ukienda kliniki, usingoje kuulizwa. Mweleze mganga kama kwenu kuna selimundu, au kama uliwahi kuishiwa damu baada ya kumeza dawa fulani. Mwombe akupime sukari kwa kidole pia, alinganishe majibu. Na mtoto mchanga akikojoa mno, akikonda na kupumua kwa nguvu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mkifika, ombeni apimwe sukari.