Madogo wa Sekondari Hawahitaji Desa Letu

Ziara ya wanafunzi wa sheria kwenda shule ya sekondari huwa na mpangilio ule ule. Basi linakodiwa, fulana zinachapishwa, mmoja wetu anasimama mbele ya bwalo na kuongea nusu saa kuhusu haki za binadamu. Wanafunzi wanapiga makofi, picha zinapigwa, tunarudi chuoni kabla ya giza. Wenye moyo zaidi wanaacha na desa: kurasa kumi na kitu za "maswali yanayokuja", zimetolewa fotokopi, dogo akariri. Mwezi mmoja baadaye dogo yuko kwenye chumba cha mtihani na swali limegeuzwa kidogo tu, na lile desa halina msaada wowote.

Wanachuo wenzangu, hoja yangu ni moja. Kama kweli tunataka kuwasaidia vijana wa Moshi na wa vijiji vya mlimani kufaulu maswali ya sheria kwenye mitihani yao, tuache kuwapelekea majibu. Tuwapelekee sheria yenyewe, kupitia mambo wanayoyaona nyumbani kwao, na tukae nao muda wa kutosha. Wakielewa watafaulu, na mtihani ukiisha watabaki na kitu cha kutumia.

Tuelewane kwanza kuhusu mtihani wenyewe. Nchi kama Australia zina somo la sheria sekondari, lina kitabu chake na mtihani wake. Kwetu sheria imejificha. Mpaka kidato cha nne imo ndani ya Civics. Kidato cha tano na sita imo ndani ya General Studies, ile GS ambayo wengi wetu tuliisoma usiku wa mwisho kwa imani kwamba "ni maneno tu". Humo ndimo zilimo Katiba, mihimili mitatu ya dola, ngazi za mahakama, haki za binadamu, uchaguzi na utawala wa sheria. Mtaala mpya ulioanza kuingia mwaka 2024 unapanga masomo upya, lakini mambo hayo hayawezi kuondoka shuleni. Nchi yoyote inayotaka raia lazima iyafundishe mahali fulani.

Sasa, alama zinapotea wapi? Hapa hatuhitaji kubahatisha. NECTA huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, na zipo bure kwenye tovuti yake. Ukizisoma utakuta malalamiko yanayojirudia: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, hakuwa na maarifa ya kutosha ya mada, au Kiingereza kilimkwamisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachotibiwa na kurasa kumi za majibu ya kukariri. Desa linamwongezea dogo maneno asiyoyaelewa juu ya mengine ambayo tayari haelewi.

Hilo la lugha lina kichekesho chake. Dogo wa Uru au Mwika anasoma Civics kwa Kiingereza. Anakariri kwamba mahakama ni mhimili huru, kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo pia, Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo mwananchi wa kawaida anaifikia, ilikuwa ikiendesha mashauri kwa Kiswahili. Kwa hiyo tunamfundisha kijana mahakama kwa lugha moja, na siku akiitwa shahidi au mdaiwa ataikuta inaongea nyingine. Sisi wanafunzi wa sheria tuko katikati ya lugha hizo mbili kila siku. Tunasoma hukumu kwa Kiingereza, tunabishana kwenye vimbweta kwa Kiswahili. Kazi ya kwanza tunayoweza kumfanyia dogo ni kumwelewesha jambo kwa Kiswahili mpaka alishike, kisha kumsaidia kuliandika kwa Kiingereza cha mtihani. Hiyo ni kazi ya saa mbili tatu mezani na daftari. Kipaza sauti hakiiwezi.

Kuna tatizo la pili ambalo madesa yanalizidisha, nalo ni sheria zilizokufa. Notisi zinarithiwa kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, na sheria haisubiri. Chukua mfano wa baraza la kata. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliyapa mabaraza ya kata uwezo wa kusikiliza na kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021 uwezo wa kuamua ukaondolewa. Sasa kazi ya baraza ni kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mhusika anaweza kupeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanafunzi anayesoma notisi za zamani ataandika kwamba baraza la kata linatoa hukumu. Atakosa alama, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba siku mjomba akimwambia "baraza lilishaamua, nyamaza", atanyamaza.

Nimemtaja mjomba kwa sababu. Huku kwetu mlimani, sheria haianzii mahakamani. Inaanzia kihambani. Kila mtoto aliyekulia Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu au Rombo anajua kihamba ni nini: migomba, kahawa, nyumba, na makaburi ya wazee. Anajua pia kwamba kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho wana nafasi yao, na kwamba dada zao mara nyingi huambiwa watapata "kwa waume zao". Hapo tayari una mada nzima ya GS: mila, usawa mbele ya sheria, haki ya kumiliki mali, mgongano wa sheria za mila na Katiba. Dogo hahitaji kukariri mfano, anaishi ndani yake.

Mfundishe basi kwa mfano huo. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha kanuni ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kisha mpe kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo sisi tunaisoma mwaka wa kwanza. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, na mpwa wake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni hiyo ya kibaguzi haiwezi kusimama mbele ya haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Waulize madogo: je, ingekuwa Kirua au Kilema, mngeamuaje? Acha wabishane. Watabishana mpaka kengele ilie, na wakati wanabishana wanajifunza kujenga hoja, kutoa sababu na kumjibu mpinzani. Vitu hivyo ndivyo swali la insha linavyovitaka.

Wapo watakaosema tunakwenda kuwachonganisha watoto na mila za wazee wao. Sioni hivyo. Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti huku Kilimanjaro, alichapisha mwaka 1986 kitabu kuhusu sheria za mila za mlima huu kwa miaka 100, kuanzia 1880 hadi 1980. Anaonyesha kwamba kile kinachoitwa mila kilikuwa kinabadilika wakati wote: kahawa ilipoingia, wakoloni walipotawala, ardhi ilipoadimika. Wazee wetu wenyewe walibadilisha mambo ili familia ziishi. Kijana anayejua historia hiyo atazungumza na babu yake kwa heshima zaidi kuliko yule anayedhani mila ni jiwe.

Mfano wa pili ambao hauchoshi darasani ni wa umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanaume na 15 kwa msichana akiwa na ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alifungua kesi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kesi hii moja inakupa ngazi za mahakama, mgawanyo wa madaraka, haki za binadamu na nafasi ya raia katika kulinda Katiba, na mhusika wake mkuu ni msichana wa umri wa kidato cha tatu. Dogo akishaielewa, hatachanganya tena Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani.

Hatuanzishi jambo geni. Mwaka 1972 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, walianza kwenda kwenye sekondari za mji wao kufundisha sheria za maisha ya kila siku: polisi, mkataba, nyumba ya kupanga. Mpango huo ulisambaa nchi nyingi. Siri yake ilikuwa kurudi darasani kila wiki, kwa watoto wale wale.

Napendekeza hivi. Wanafunzi wawili kwa shule moja, Jumamosi nne kati ya Septemba na Oktoba, kabla kidato cha nne hawajaingia kwenye mtihani Novemba. Jumamosi ya kwanza ni ya kusoma swali tu: tofauti ya kutaja na kufafanua, na kwa nini anayetaja pale alipoambiwa afafanue anapoteza nusu ya alama. Ya pili ni ya Katiba, nakala ya Kiswahili mkononi, kila mmoja achague ibara na aeleze tukio la kijijini kwao linalohusiana nayo. Ya tatu ni kesi ya kuigiza ya kihamba: kuna mdai, mdaiwa, mashahidi, hakimu. Ya nne wanaandika insha, tunasahihisha pale pale, tunamrudishia kila mtu karatasi yake na kumwonyesha alama ilipoangukia. Shule ikiwa karibu na Mahakama ya Mwanzo, mwalimu akiomba ruhusa, waende wakasikilize shauri asubuhi moja.

Tuanze na shule za kata. Zile kongwe zenye majina, kama Umbwe, Weruweru na Old Moshi, zina historia ndefu na watu wa kuzikumbuka. Shule ya kata iliyojengwa enzi za MMES huko juu, ambako mwalimu mmoja anashika Civics na Historia kwa vidato vyote, ndiyo inayotuhitaji. Na tufike kwa adabu. Mwalimu wa somo ndiye mwenyeji, sisi ni wasaidizi. Tumuulize mada ipi imewashinda wanafunzi wake, tumwachie na nakala za sheria mpya. Anayekwenda kumwonyesha mwalimu kwamba yeye ni msomi wa chuo kikuu abaki tu hosteli.

Najua kinachofuata. Boom halijatoka, kuna testi, kuna sapu, nani ana muda? Jumamosi nne kwa muhula si nyingi, na nauli ya Hiace kwenda Kibosho haifikii gharama ya fulana ile tunayochapisha kwa ajili ya picha. Tena tutafaidika. Unadhani unaielewa Ibara ya 13? Jaribu kumfafanulia mtoto wa miaka 16 ambaye hakuogopi. Atakuuliza swali ambalo mhadhiri hajawahi kukuuliza, na utarudi kwenye kimbweta kupiga msuli kwa sababu nyingine kabisa.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo watu wa huku wanalijua. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba. Desemba, Wachaga kutoka Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko wanapanda mlima kurudi nyumbani, na baada ya sikukuu familia zinakaa vikao, ambavyo vingi huzungumzia kihamba: nani agawiwe nini, mjane abaki wapi, binti aliyerudi na watoto apewe sehemu au asipewe. Dogo aliyemaliza mtihani wiki chache nyuma atakuwa amekaa pale pembeni, akisikiliza. Kama tulimpa desa, ameshalisahau. Kama tulimpa sheria, huenda akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu kuhusu shangazi yake.

Chama chetu cha wanafunzi kina kamati ya elimu na bajeti ya ziara. Naomba kikao kijacho kifute basi na fulana za mwaka huu, kiandike barua kwa wakuu wa shule kumi za kata, na kibandike karatasi ya kujiandikisha ubaoni. Nafasi 20 tu zinatosha kwa kuanzia. Jina langu litakuwa la kwanza, na nachagua Jumamosi.