Huruma Bila Utaratibu Huua

Gari lipindukapo katika barabara zetu, afikaye kwanza si daktari wala mwuguzi. Ni dereva wa lori aliyekuwa nyuma, ni mkulima aliyeacha jembe shambani, ni kijana wa bodaboda, ni mchuuzi wa kituoni. Twawasifu kwa moyo wao, maana hawakuitwa na mtu wala hawatarajii kulipwa. Lakini yatupasa kusema wazi jambo lisilopendeza: wako majeruhi wanaoongezewa maumivu, na hata kufa, kwa mikono iliyokuja kuwaokoa. Hushikwa miguu na mikono, wakakunjwa kama magunia, wakapakiwa nyuma ya pikapu, na gari likaondoka mbio huku damu ikichuruzika. Huruma ipo, utaratibu haupo.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani, na tisa katika kila kumi walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu, ingawa nchi hizo hazina magari kwa kadiri hiyo. Sababu ni nyingi. Mojawapo ni kile kinachotendeka, au kisichotendeka, kati ya barabara na mlango wa hospitali.

Waokoaji waliofunzwa kazi hii hawaongozwi na makelele. Hufuata mpango mmoja, na maana yake ni hii: kitakachomwua mtu mapema zaidi ndicho kishughulikiwe kwanza.

Kabla ya yote hutazama usalama wa mahali penyewe. Mwokoaji akigongwa na gari lijalo, hakuokoa mtu, bali ameongeza majeruhi mmoja. Basi magari husimamishwa, alama huwekwa mbali, na moto na mafuta hutazamwa. Hatujasahau tarehe 10 Agosti 2019; kwa wengine iko mbali, lakini kwa Morogoro ni kama jana: lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakalikusanyikia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Baada ya hapo hutazamwa damu. Ibubujikayo hubonyezwa kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Ikiwa ni ya mkono au mguu na haikomi, mkanda mpana hufungwa juu ya jeraha, upande wa moyoni, ukakazwa hata damu ikome, na saa ya kuufunga ikaandikwa. Kisha hutazamwa njia ya hewa. Mtu aliyezimia akilala chali, ulimi wake waweza kuziba koo; taya lake la chini husukumwa mbele bila kuipinda shingo. Kisha pumzi: je, kifua chainuka pande zote mbili? Kisha mapigo ya damu, maana ngozi ya baridi yenye jasho na mapigo ya mbio ni dalili ya damu inayomwagika ndani, mahali jicho lisipofika. Mfupa wa paja uliovunjika peke yake waweza kumpotezea mtu lita nzima ya damu au zaidi.

Halafu hupimwa fahamu. Kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974 hutoa alama kuanzia 3 hadi 15, kwa kutazama macho, maneno na mwendo wa viungo. Apataye 8 au pungufu yu katika hatari kubwa. Mwisho, nguo hufunguliwa ili lisifichike jeraha, na mara hiyo hiyo majeruhi hufunikwa, kwa kuwa mwili uliopoa hauwezi kugandisha damu yake vema. Ahamishwapo, kichwa, shingo na mgongo huenda pamoja kama gogo moja, kwa amri ya mtu mmoja.

Na wakiwa majeruhi wengi? Hapo ndipo huruma isiyofunzwa hupotea njia kabisa. Hukimbilia apigaye kelele zaidi. Lakini apigaye kelele anapumua. Yule aliyenyamaza pembeni ndiye wa kuangaliwa upesi.

Utaratibu huu ulinunuliwa kwa machozi. Mwaka 1976 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo huko Nebraska. Mkewe akafa, watoto wake wakaumia, na huduma waliyoipata katika hospitali ya karibu ikamsikitisha. Yeye na wenzake wakatunga mafunzo ambayo yalianza kutolewa mwaka 1978, na leo yamefika nchi nyingi. Wala tusidhani kwamba elimu ya namna hii ni ya madaktari peke yao. Jirani zetu wa Kampala, mwaka 2008, waliwafundisha misingi yake polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa zaidi ya 300. Watu hao ndio wafikao kwanza, kama ilivyo kwetu.

Taifa letu halikukaa bure. Tangu mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya tiba ya dharura, na madaktari bingwa wa fani hiyo wanafunzwa hapa hapa nchini. Lakini bingwa hawezi kumrudishia uhai mtu aliyemaliza damu yake njiani.

Kwa hiyo twasema haya. Wenye mabasi wasiruhusiwe kuona sanduku la huduma ya kwanza kuwa pambo la kumwonyesha mkaguzi. Dereva na kondakta wajue kulitumia. Viwandani, bandarini na migodini, vyama vya wafanyakazi vidai mafunzo haya kwa nguvu ile ile vinayodai mishahara, kwani mshahara haumfai maiti. Matawi ya Chama yaliyo kando ya barabara kuu, na vijana wetu hasa, wawaite wauguzi wa zahanati zilizo karibu wawafundishe, wafanye mazoezi, wasiishie kusikiliza hotuba.

Twasema pia kwamba amletaye majeruhi ashukuriwe, asitendewe kama mtuhumiwa, maana hofu hiyo huwafanya wengine wapite kando. Fomu ya polisi ina kazi yake katika sheria, lakini damu haisubiri karatasi. Na kwa wale wanaofika penye ajali ili kupekua mifuko ya wanaokata roho, hatuna neno la kuwasihi. Wananchi wenzao wawakamate na kuwafikisha mbele ya sheria.

Uokoaji ni kazi, na kila kazi ina ufundi wake. Hakuna fundi aliyejifunza kazi yake siku ya kuhitajiwa. Tujifunze sasa, wakati barabara ni shwari.