777 Haina Nguvu, Ni Nguo Tu Imevaa

Wasee, hii biashara ya "namba za malaika" inafaa iishe. Kila nikifungua TikTok kuna mtu anasema ukiona 777 pesa inakuja, ukiona 11:11 kuna mwenye anakuwaza, halafu chini anaweka namba ya simu: tuma 300 usomewe. Na mnatuma! Wengine mkitoka hapo mnaenda kuwekea 777 beti, na ni pesa ya nyumba. Sigombani na imani ya mtu. Nagombana na hesabu mbovu.

Skiza. Tunaandika namba kwa makumi kwa sababu tuko na vidole kumi. Basi. Lakini chukua kidole gumba uhesabu pingili za vile vidole vinne vingine vya mkono huo huo: tatu kila kidole, jumla kumi na mbili. Ukifunga mafungu ya kumi na mbili badala ya kumi, hiyo ni besi 12. Kumi inaandikwa A, kumi na moja B, na dazani nzima ndio 10.

Sasa leta 777 yako. 144 inaingia mara 5, zinabaki 57. Kwa hizo 57 kuna dazani 4, zinabaki 9. Kwa hivyo ni 549. Idadi ni ile ile, hata shilingi moja haijapotea, lakini saba zote zimetoroka. Malaika wameenda wapi? 666 mnayoogopa inakuwa 476, kama ruti ya matatu tu. Na 13 ya mkosi inakuwa 11, hiyo hiyo mnasema ni ya baraka!

Kuna mambo ya namba ambayo hayatoroki. 777 ni 3 mara 7 mara 37. Iandike kwa makumi, kwa dazani, ama upange mawe chini, bado inagawanyika kwa 3. Besi 12 hata inakuonyesha haraka: namba ikiishia na 0, 3, 6 au 9, inagawanyika kwa 3. 549 inaishia na 9, umemaliza. 41 nayo huko inaandikwa 35. Mwenye alikariri tu "ikiishia na 5 inagawanyika kwa 5" atajibu ndiyo mbio mbio, na 41 ni namba tasa, iwe imevaa nini. Shuleni hiyo sheria tulipewa kama amri ya Musa, kumbe inafanya kazi kwa sababu 5 inagawanya 10, ya kwetu. Ile ya kujumlisha tarakimu kutafuta 9, ukifika besi 12 inatafuta 11. Jaribu 65 ya huko: 6 na 5 ni 11, na hiyo namba kwetu ni 77. Hii ndio tamu, bana, na hakuna mwenye anakulipisha.

Halafu 11:11, hiyo inanichekesha. Muulize nyanyako ni saa ngapi. Atakwambia saa tano na dakika kumi na moja. Hakuna kitu kimejirudia hapo. Ama malaika wanasikia Kizungu peke yake?

Mkiendelea kutuma, angalau fanyeni hivi. 300 kwa besi 12 inaandikwa 210. Mtumie bob 210, umwambie ni 300 yake hiyo hiyo, tuone kama ataikubali.